Utando wa kizazi ulionenepa hausafishwi kwa chakula

"Acha soya, kunywa maji ya tangawizi na mdalasini, kizazi kitajisafisha." Wanawake wengi hupewa ushauri huu altrasaundi ikionyesha utando wa ndani wa mji wa mimba umenenepa. Si kweli, na unaweza kumchelewesha mtu kutibiwa.

Unene wenyewe si ugonjwa kila mara. Kwa anayepata hedhi, utando hujijenga kila mwezi na unaweza kufika milimita 16 kabla damu haijatoka. Lakini kwa aliyekoma hedhi kisha akaanza kutokwa damu, hata milimita 5 humtosha daktari kutaka kuchukua kinyama kidogo kipimwe.

Kinachonenepesha utando kupita kiasi, mara nyingi, ni homoni ya estrojeni kufanya kazi bila projesteroni ya kuidhibiti. Chakula kinaingia hapa, ila kwa kuzunguka: mafuta ya mwilini nayo hutengeneza estrojeni, hasa baada ya hedhi kukoma. Basi mwenye uzito mkubwa akipunguza soda, vitumbua na mlima wa ugali, akaongeza mchicha, kunde na kutembea, anajisaidia kweli, lakini kwa miezi mingi, si kwa wiki moja. Soya ya mezani, kwa kiasi cha kawaida, haina haja ya kuogopwa.

Dawa inayoupunguza utando ni ya jamii ya projesteroni, kwa vidonge au kitanzi chenye homoni. Na ukiona damu baada ya kukoma hedhi, hata tone moja, nenda hospitali wiki hiyohiyo.