Je, wajua kwa nini jasho humchubua mkimbiaji badala ya kuifanya ngozi yake iteleze?

Miongoni mwa wakimbiaji wa mbio ndefu imeenea imani kwamba michubuko ya mapajani, kwapani na kifuani ni tatizo la ngozi kavu, na kwamba jasho likishatiririka vya kutosha ngozi itateleza na hatari itakuwa imepita. Imani hiyo haikosi mantiki, kwa kuwa kila mtu amewahi kuona maji yaliyomwagika sakafuni yakimwangusha mpita njia. Lakini ngozi si saruji. Ngozi iliyolowa jasho husuguana kwa nguvu zaidi kuliko ngozi kavu, na mkimbiaji anayesubiri jasho limwokoe anasubiri kitu kilekile kitakachomchubua.

Kwa watafiti jambo hili si geni. Mwaka 1955 P. F. D. Naylor alichapisha nchini Uingereza vipimo vilivyoonyesha kwamba unyevu huongeza msuguano wa ngozi, na vipimo vilivyofuata, vikiwemo vya ngozi dhidi ya vitambaa, vimerudia matokeo hayo: msuguano wa ngozi iliyolowa na nguo unaweza kuzidi maradufu ya ule wa ngozi kavu. Ajabu yenyewe ni kwamba msuguano haupandi tu kadiri maji yanavyoongezeka. Ngozi kavu kabisa husuguana kidogo, ngozi yenye unyevu husuguana sana, na ngozi iliyofunikwa na maji tele huanza tena kuteleza. Kwa bahati mbaya, ngozi ya mkimbiaji anayetoka jasho hukaa muda mrefu katika hali ile ya katikati.

Anayekanda unga wa chapati anaijua vizuri tabia hii. Unga mkavu hupita vidoleni bila kung'ang'ania. Ukitiwa maji kiasi hugeuka donge linaloganda viganjani na kwenye kibao cha kusukumia. Ukizidishiwa maji hadi ukawa uji mwepesi, hutiririka tena. Mpishi anayeona donge linanata ana njia mbili, ama kunyunyiza unga mkavu kwenye kibao, ama kujipaka mafuta mikononi. Kinga kuu za mkimbiaji, yaani poda na mafuta, ni hizohizo mbili, na kasoro zake ni zilezile, kwa maana unga ulionyunyizwa ukilowa nao hunata, na mafuta hufyonzwa yakaisha.

Kinachotokea kwenye ngozi ni hiki. Tabaka lake la juu kabisa, ambalo katika sehemu kubwa ya mwili lina unene wa takriban milimita 0.02 tu, limeundwa na seli zilizokufa zilizojaa protini ya keratini. Likiwa kavu ni gumu kiasi, na kwa kuwa uso wake una matuta na mifereji midogo mno, ngozi na kitambaa, au ngozi na ngozi, hugusana kwenye vilele vya matuta hayo pekee. Keratini ikifyonza maji huvimba na kulainika, matuta yakabonyea, na eneo linalogusana kwa kweli likapanuka. Eneo hilo likipanuka, nguvu inayohitajika kulitelezesha nayo huongezeka. Isitoshe, tabaka lililolowa hustahimili kidogo zaidi kuliko lililo kavu, hivyo msuguano mkubwa huiangukia ngozi wakati ilipo dhaifu. Mkimbiaji anayemaliza kilomita 42.195 za marathoni kwa saa 4, akipiga hatua 170 kwa dakika, atakuwa amepiga hatua 40,800, na mapaja yake yatakuwa yamepishana katika kila mojawapo.

Hesabu hiyo pia inaidhoofisha imani nyingine, kwamba michubuko ni shida ya watu wanene. Mapaja yanayogusana huongeza uwezekano wa kuchubuka, hilo halina ubishi, ila mshono wa kaptula unatosha kufanya kazi ya paja la pili. Mwaka 1977 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha taarifa fupi kuhusu chuchu za wakimbiaji zinazochubuliwa na fulana, na hadi leo, karibu na utepe wa kumalizia mbio, hawakosekani wanaume wembamba wenye michirizi miwili ya damu kifuani. Wanawake hupatwa na hili mara chache zaidi kwa sababu sidiria ya michezo huibana ngozi na kitambaa visichezeane, ingawa ukanda wa sidiria hiyohiyo huweza kuchubua chini ya matiti. Fulana ya pamba, ambayo wengi huisifu kwa ulaini wake dukani, ni chaguo baya kwa kilomita nyingi, maana hunywa jasho, hulishikilia, ikawa nzito na kuburuzika kifuani.

Hali ya hewa nayo huamua jasho likae kwenye ngozi kwa muda gani. Kule Iten, nchini Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, hewa ya baridi hubeba mvuke mchache na jasho hukauka upesi. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Machi hewa imekwisha kushiba mvuke, na jasho halina pa kwenda isipokuwa kuteremka ndani ya kaptula. Maji ambayo mkimbiaji hujimwagia kichwani kwenye meza za maji humpoza, lakini yanaishia kulekule. Ama chumvi inayobaki jasho linapokauka, wengi husema kwamba chembe zake ndizo zinazokwaruza ngozi. Maelezo hayo yanaingia akilini, ila ushahidi unaotenganisha kazi ya chumvi na ile ya unyevu ni mwembamba, na nisingeyapa uzito sawa.

Kinga iliyo rahisi kuielewa ni taiti inayofika katikati ya paja, kwa kuwa huhamisha msuguano kutoka ngozi kwa ngozi hadi kitambaa kwa kitambaa. Mafuta ya mgando hupunguza msuguano mara tu yanapopakwa, lakini kazi yake hufifia kadiri yanavyofutwa na nguo, na kwa kuwa huzuia maji kutoka kwenye ngozi, yanaweza baada ya saa kadhaa kuiacha laini kuliko ilivyokuwa. Kwa mbio ndefu ni busara kubeba kidogo na kupaka tena njiani. Poda hufaa kwa mbio fupi, kabla haijashiba jasho. Chuchu hufunikwa kwa plasta, ambayo haishiki vizuri ikibandikwa juu ya ngozi iliyokwisha kupakwa mafuta.

Kuna pia wazo la kulizuia jasho lenyewe. Katika utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1998, waliopaka miguuni dawa yenye asilimia 20 ya kloridi ya alumini walipata malengelenge kwa asilimia 21 baada ya matembezi ya kilomita 21, dhidi ya asilimia 48 ya wenzao waliopaka dawa bandia. Matokeo hayo yanavutia hadi mtu anaposoma kwamba dawa hiyo iliwasha ngozi za asilimia 57 ya waliopaka. Isitoshe, malengelenge ya nyayo si michubuko ya mapaja: ngozi nene ya unyayo haikwanguki upesi, bali hupasuka kwa ndani na kujaa majimaji. Kuipaka dawa hiyo kwenye ngozi nyembamba ya kinena ni jambo nisiloweza kulipendekeza.

Aliyekwisha kuchubuka kwa kawaida huligundua bafuni, maji na sabuni vinapofika kwenye ngozi iliyopoteza kinga yake ya juu. Maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali vinatosha kuondoa chumvi na uchafu. Spiriti na dawa kali za kuua vijidudu huunguza tishu ambayo tayari imeumia. Baada ya kuikausha kwa kuigandamiza taulo bila kusugua, hupakwa mafuta ya mgando au krimu ya zinki ya watoto, kisha huvaliwa nguo isiyobana. Kidonda kinachotoa usaha, kinachovimba au kinachozidi kuuma badala ya kupoa kinahitaji kuonwa na mhudumu wa afya, hasa kwa mwenye kisukari. Vivyo hivyo upele wa kinena unaowasha na kutanuka kwa kingo zilizoinuka, kwa sababu huo huenda ni fangasi, na kuacha kukimbia hakutauponya.

Vitabu vingi vya tiba huelekeza kutazama wekundu, dalili ambayo kwenye ngozi nyeusi huonekana kwa shida. Joto, uvimbe na rangi iliyokoza kuliko ngozi ya jirani ni viashiria bora zaidi. Ngozi hiyohiyo ikipona huacha baka jeusi linaloweza kudumu kwa miezi, hasa ikichubuliwa tena kabla halijafifia. Baka hilo halina madhara na hufifia lenyewe polepole, kwa hiyo hakuna sababu ya kulikimbizia krimu za kung'arisha zenye zebaki au hidrokwinoni, ambazo Tanzania na Kenya zimezipiga marufuku katika vipodozi.