Gundi Nyingi Haiimarishi Kiungo

Wanaochonga mifano ya majahazi hapa Mikindani huambiana: kiungo kikilegea, ongeza supagluu. Si kweli, na inaniuma kuona kazi nzuri ikiharibika kwa imani hiyo.

Supagluu hukazwa na unyevu kidogo ulioko hewani na kwenye mbao. Utando mwembamba hushika kwa sekunde chache. Tone nene hukauka juu, ndani likabaki bichi, na hata likishakauka huvunjika kirahisi: jahazi likidondoka, taruma, yaani ubavu wa ndani unaoshikilia mbao, linabanduka.

Kwa mbao, tumia gundi nyeupe ya seremala. Maji yake hunywewa na mbao na mengine hupotea hewani, ndipo inashika; ndiyo maana masika huchelewa kukauka. Siri iko kwenye msasa. Sugua ubao mpaka ukae kwenye taruma bila mwanga kupenya, paka kidogo kwa kijiti cha meno, bana kwa vibanio vya nguo, kisha futa inayochuruzika kwa kitambaa kibichi. Iache hadi kesho. Kiungo kilichokaa hivyo, ukikivunja kwa nguvu, mara nyingi hupasuka mbao kabla ya gundi kuachia.