Bondi ya ioni na bondi ya kovalenti: chumvi ya Uvinza, sukari ya chai

Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Kigoma bondi ya ioni ni nini, na mara nyingi atajibu kuwa ni atomi moja kuipa nyingine elektroni, ile chembe ndogo yenye chaji hasi inayozunguka kiini, yaani kitovu cha atomi. Nami nilijibu hivyo miaka mingi. Jibu hilo linaeleza yaliyotangulia bondi, lakini bondi yenyewe halijaigusa.

Tuchukue chumvi, maana mkoa huu una yake, ya Uvinza. Chumvi ni sodiamu na klorini. Sodiamu ina elektroni 11, zimepangwa kwa tabaka kutoka ndani kwenda nje: 2, 8, 1. Klorini ina 17, yaani 2, 8, 7. Ile moja ya nje ya sodiamu haishikwi sana na kiini, na klorini imepungukiwa moja tu kufikisha nane za nje. Zikikutana, elektroni inahama. Sodiamu inabaki na chaji chanya, klorini inapata chaji hasi, na kuanzia hapo tunaziita ioni. Chanya na hasi huvutana. Mvutano huo ndio bondi ya ioni.

Na mvutano hauchagui mwenza mmoja. Ndani ya punje ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na sita za klorini, na kila ya klorini na sita za sodiamu, safu juu ya safu. Molekuli ni kundi la atomi chache zilizofungana peke yao; kwa hiyo hakuna "molekuli ya chumvi", ingawa tunaisikia darasani kila siku. NaCl, alama ya chumvi, inataja uwiano tu. Kuutikisa mpangilio huo si kazi ndogo: chumvi kavu huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Ukiiweka kikaangoni italia na kurukaruka, lakini haitayeyuka, wakati sukari pembeni yake imeshakuwa kahawia.

Sukari ni ya ukoo mwingine. Kaboni ina elektroni nne za nje; kuzitoa zote ni vigumu, kupokea nne nyingine pia ni vigumu. Inachofanya ni kushirikiana na jirani: jozi ya elektroni inakaa kati ya viini viwili, na vyote viwili vinaivuta. Hiyo ni bondi ya kovalenti. Mwanakemia Gilbert Lewis aliieleza jozi hiyo mwaka 1916, na mwenzake Irving Langmuir akaipa bondi jina la kovalenti mwaka 1919. Hapa molekuli ipo kweli, tena inahesabika: sukari ya chai ina atomi 45, yaani kaboni 12, hidrojeni 22 na oksijeni 11.

Wengi huhitimisha kwamba kovalenti ni dhaifu kwa sababu sukari huyeyuka upesi kwenye chai. Sivyo. Kinachoachana kikombeni ni molekuli na molekuli. Bondi zilizo ndani ya kila molekuli hazijaguswa. Almasi ya Mwadui, mgodi wa Shinyanga, ni kaboni iliyofungwa kwa kovalenti tupu, na hakuna madini ya asili yanayoizidi ugumu.

Ukitaka kuona tofauti, tafuta betri, nyaya na balbu ndogo ya tochi. Kwenye maji yaliyokolea chumvi balbu inawaka, kwa kuwa ioni zinatembea. Kwenye maji ya sukari haiwaki. Kwenye chumvi kavu pia haiwaki: ioni zimo, ila zimebanana.

Kushirikiana nako si lazima kuwe sawa kwa sawa. Katika maji, oksijeni huivuta jozi upande wake kuliko hidrojeni, hivyo molekuli ina upande hasi kidogo na upande chanya kidogo. Kwa pande hizo maji huzishika ioni za chumvi na kuzitenganisha. Mawese yana minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni zinazogawana karibu sawa, maji hayapati pa kuyashika, nayo yanaelea juu ya mchuzi.

Sasa turudi Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Ruchugi, ambako watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Chunguni hakuna sodiamu inayoipa klorini chochote. Elektroni zilikwisha kuhama zamani mno, na ioni zimo majini tayari, kila moja peke yake. Moto unayaondoa maji, ioni zinasogeleana, chanya inaivuta hasi, na chumvi inaonekana chini ya chungu.