Baridi hupimwa kazini: maswali na majibu kwa anayehamia Kanada

Anayejiandaa kuhamia nchi ya baridi huulizia viza, nauli na nyumba, na aghalabu siku mbili kabla ya safari ndipo hukumbuka kuulizia koti. Majibu yafuatayo yanawahusu wanaokwenda katika miji ya nyanda za kati za Kanada, kama vile Winnipeg, Edmonton na Calgary, ambako wengi wa ndugu zetu huanzia katika kazi za kutunza wazee, za ghalani, za usafi na za viwanda vya nyama. Kwa maoni yetu swali la hali ya hewa haliwezi kutenganishwa na swali la kazi, kwa kuwa watu wawili wanaoishi fleti moja, mmoja akifanya kazi ofisini na mwingine akishusha mizigo usiku, hawaishi katika baridi moja.

Swali: Nimezaliwa Makete, na alfajiri za Juni nimezoea kuona sakitu kwenye majani. Je, sitaizoea baridi ya huko haraka kuliko mtu wa Tanga?

Utamzidi kwa kujua kuvaa, lakini si kwa mengi zaidi ya hapo. Baridi ya Makete au ya Limuru hukaribia sifuri kwa saa chache za alfajiri, kisha jua likachomoza na watu wakavua masweta. Mjini Winnipeg wastani wa joto la usiku wa Januari ni karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, na theluji inayoanguka Novemba inaweza kukaa ardhini hadi Machi au Aprili.

Juu ya hayo kuna upepo, ambao huipeperusha hewa yenye joto inayoizunguka ngozi. Ndiyo maana watabiri wa hali ya hewa wa Kanada hutangaza namba mbili, moja ya joto la hewa na ya pili ya ubaridi unaohisiwa kwa sababu ya upepo, na hii ya pili ndiyo ya kuitazama kabla ya kufungua mlango. Ikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikifika 40 chini ya sifuri, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Mwili huzoea baridi kidogo baada ya majira kadhaa, na akili huizoea zaidi, ila ngozi ya Makete na ya Tanga huganda kwa kanuni ileile.

Swali: Wakala ameniambia nisiogope, kwa sababu majengo yote yana joto na kazi ni ya ndani. Je, ni kweli?

Ni kweli nusu. Nyumba, maduka na mabasi hupashwa joto, na mgeni mara nyingi hushangaa kujikuta anatoka jasho dukani mwezi Januari. Hata hivyo, kazi inayoitwa ya ndani huwa na sehemu yake ya nje. Mfikirie mhudumu wa wazee anayewafuata majumbani: saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni, basi limempita na linalofuata litakuja baada ya nusu saa, simu imezimika kwa sababu betri haipendi baridi, na viatu alivyovaa ni raba zilezile alizovaa siku ya kusafiri. Zamu yake yote ni ya ndani, na bado vidole vya miguu vinaweza kuganda kabla hajafika kwa mzee wa kwanza.

Zipo pia kazi ambazo ndani ndiko kwenye baridi. Katika viwanda vya nyama, kama kile ambacho mji wa Brooks huko Alberta unajulikana nacho na ambako Waafrika wengi wameajiriwa, vyumba vya kukatia nyama huwekwa katika joto la nyuzi chache tu juu ya sifuri, na maghala ya vyakula vilivyogandishwa huwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri majira yote, hata Julai. Hapo mkono hushika kisu kwa muda wa saa nane ukirudia mkato uleule, na baridi hupunguza nguvu ya kushika, kwa hiyo mtu hukaza zaidi. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vikianza kufa ganzi usiku kiasi cha kukuamsha, huo si uchovu wa kawaida; ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono, karibu na kiganja, na unastahili kutibiwa mapema kabla misuli ya kidole gumba haijaanza kusinyaa.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba, mwulize mwajiri mambo ambayo wakala hatakuambia kwa hiari yake: zamu inaanza na kuisha saa ngapi, je, mabasi hufanya kazi saa hizo, chumba cha kazi kina nyuzi ngapi, nani ananunua viatu na glavu, na ni baada ya muda gani wafanyakazi hupumzika mahali penye joto. Mwajiri anayekereka kwa maswali hayo amekwisha kukujibu.

Swali: Nitajuaje kwamba ngozi inaganda, ilhali picha zote nilizoziona ni za watu weupe waliogeuka wekundu?

Swali hili ni la msingi, na tunasikitika kwamba vipeperushi vingi havilijibu. Kwenye ngozi nyeusi usiusubiri wekundu. Tazama mahali palipopauka na kuwa kama kijivujivu au majivu, kisha paguse: ngozi inayoanza kuganda huwa baridi, ngumu kidogo na yenye mng'ao kama wa nta, na kinachotisha ni kwamba huacha kuuma. Maumivu yanayotoweka wakati bado uko nje si nafuu. Mahali pa kuchunguza kwanza ni ncha ya pua, masikio, mashavu, vidole vya mikono na vya miguu, na dada zetu wavue hereni za chuma kabla ya kutoka, kwani chuma huihamisha baridi moja kwa moja hadi kwenye ndewe. Uchunguzi uliofanywa kwa wanajeshi wa Marekani na wa Uingereza umeonyesha kwamba wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao, hata wakiwa katika mazoezi yaleyale. Usikubali basi kuambiwa na msimamizi kwamba unadeka.

Likikutokea, ingia ndani, vua kilicholowa, na tia sehemu hiyo katika maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, ambayo kiwiko cha mtu mwingine kitayaona ya kawaida. Usisugue, usipake theluji, wala usiote moto, kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Kama bado utalazimika kurudi nje na sehemu hiyo inaweza kuganda tena, ni afadhali usiiyeyushe kwanza, kwa maana kuganda mara ya pili huharibu zaidi.

Jambo jingine, ambalo ni la kufa na kupona, ni mwili mzima kupoa chini ya nyuzi 35. Mtu hutetemeka sana, kisha anaanza kujikwaa, anaongea kama mlevi, na mwisho kutetemeka kunakoma. Hapo piga 911, namba ya dharura, bila kungoja. Pombe haimsaidii hata kidogo: hupanua mishipa ya damu ya ngozini, mtu akajisikia ana joto wakati ndiyo kwanza joto la ndani linamtoka.

Swali: Ninunue nguo za baridi Gikomba au Karume kabla ya kuondoka?

Nunua koti moja la kukufikisha, basi. Mengi ya makoti hayo yametoka hukohuko unakokwenda, na huko utayapata katika maduka ya mitumba mengine yakiwa na kipimo cha nyuzi za baridi ambazo koti limetengenezewa. Cha kuelewa ni mpangilio. Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hunywa jasho na kukaa na unyevu; iwe ya sufu laini au ya poliesta. Juu yake vaa sweta, na juu kabisa koti lisilopitisha upepo. Anayebeba mizigo ghalani hulowa jasho, kisha hutoka kwenda kituoni na fulana mbichi mwilini, kwa hiyo fulana ya pili ndani ya mkoba humfaa kuliko koti la pili. Buti ziwe kubwa kidogo ili vidole vicheze ndani ya soksi nzito, na glavu zenye mfuko mmoja wa vidole vinne huleta joto kuliko zile za kutenganisha vidole. Ukiwa na mtoto mchanga, usimfunge mkanda wa kiti cha gari akiwa amevaa koti nene. Koti hubonyea wakati wa ajali na mkanda ukalegea, kwa hiyo mfunge kwanza kisha umfunike blanketi.

Swali: Mwanangu ana ugonjwa wa seli mundu. Ni busara kumpeleka huko?

Mama, ugonjwa huo peke yake si sababu ya kubaki, lakini ni sababu ya kuchagua mji na kazi kwa uangalifu zaidi kuliko wengine. Baridi hubana mishipa midogo, damu hupita polepole, na chembe zilizojikunja zikaziba njia. Ndipo maumivu makali yanapoanza. Katika pwani ya magharibi, Vancouver kwa mfano, mvua ni nyingi lakini majira ya baridi ni ya upole mno yakilinganishwa na ya Winnipeg, na tofauti hiyo kwa mtoto huyu ina uzito kuliko tofauti ya mshahara, ingawa ni lazima ukumbuke kwamba kodi ya nyumba huko ni kubwa. Beba muhtasari wa matibabu kwa Kiingereza kutoka kliniki yake, iwe ni Muhimbili au hospitali ya mkoa, ukionyesha kundi la damu, chanjo, vipimo vya mwisho na dozi ya haidroksiyurea kama anaitumia, pamoja na dawa za kutosha miezi ya mwanzo, maana katika baadhi ya majimbo bima ya afya ya umma haianzi siku ya kuwasili. Usimfiche daktari wa uchunguzi wa viza: udanganyifu ukigundulika unaweza kukufungia mlango wa Kanada kwa miaka 5.

Wenye pumu wafunike pua na mdomo kwa skafu ili hewa ipate joto kabla ya kufika kifuani. Wenye shinikizo la damu wajue kwamba hupanda zaidi majira ya baridi, na kwamba kusukuma theluji kwa koleo asubuhi, baada ya usiku wa zamu, ni kazi nzito kwa moyo. Wasiione kama kufagia uwanja.

Swali: Vitamini D ni ya lazima, au ni biashara ya maduka ya dawa?

Kwa mtu mweusi anayefanya kazi ya ndani kaskazini ya mbali, ina msingi. Ngozi hutengeneza vitamini hiyo kwa jua, melanini hupunguza kasi ya kazi hiyo, na katika miezi ya katikati ya baridi jua la Edmonton huwa chini mno kiasi kwamba hata ukikaa nje halikutengenezei chochote cha maana. Kipimo kinachopendekezwa Kanada kwa mtu mzima hadi umri wa miaka 70 ni yuniti 600 kwa siku kutoka vyanzo vyote, na mtoto anayenyonyeshwa hupewa matone ya yuniti 400 kila siku ili asipate matege. Usizidishe yuniti 4,000 kwa siku bila agizo la daktari.

Swali: Wenzangu wanasema wakifika Desemba hujisikia wazito na hawataki kuongea na mtu. Ni uvivu?

Hapana. Winnipeg hupata saa 8 hivi za mchana mwishoni mwa Desemba, na mwenye zamu ya usiku anaweza kumaliza wiki bila kuliona jua. Baadhi ya watu hupata sonona ya majira, ambayo hujitokeza kwa kulala kupita kiasi, kutamani wanga na kukosa hamu ya mambo. Taa maalumu ya mwanga wa lux 10,000, ikitumiwa nusu saa kila asubuhi, huwasaidia wengi, ila mwenye ugonjwa wa macho au wa hisia kupanda na kushuka amwone daktari kwanza. Anayefikia kuwaza kujiua apige 988, namba ya msaada kwa wenye mawazo hayo, usiku au mchana.

Swali: Umeme ukikatika, je, jiko la mkaa litatusaidia?

Litawaua. Nyumba za huko hazipitishi hewa kama zetu, na mkaa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Desemba 2006 dhoruba ilipokata umeme Seattle, ng'ambo ya mpaka nchini Marekani, watu wengi walilazwa na wengine wakafa kwa gesi hiyo, na wengi wa walioathirika walikuwa wahamiaji waliowasha mkaa ndani. Hakikisha nyumba ina king'ora cha kaboni monoksaidi, na kikilia mkiwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, tokeni wote nje kabla ya kutafuta makoti.

Swali: Nikiumia kazini au nikiona kazi ni ya hatari, si nitafukuzwa na kurudishwa nyumbani?

Sheria za Kanada humpa mfanyakazi, hata mwenye kibali cha muda, haki ya kuelezwa hatari za kazi, haki ya kushiriki katika usalama na haki ya kukataa kazi ya hatari bila kuadhibiwa. Ukiumia, mwambie msimamizi siku hiyohiyo, mwombe daktari aandike kwamba ni jeraha la kazini, na peleka dai katika bodi ya fidia ya jimbo, hata kama bosi anakusihi useme uliteleza nyumbani. Mwenye kibali kilichofungwa kwa mwajiri mmoja na ambaye ananyanyaswa anaweza, tangu 2019, kuomba kibali kinachomruhusu kufanya kazi kwingine. Weka nakala za mkataba, za ratiba ya zamu na za stakabadhi za mshahara mahali pasipofikiwa na mwajiri, na andika tarehe ya kila tukio.