Prosesa ya seva au ya gemu? Dhana potofu zinazowala watu hela

Swali hili naulizwa kila mara, linabadilishwa maneno tu: "Kaka, nimeona Xeon ya kori 14 inauzwa chee kuliko Ryzen ya kori 6, si ndo nichukue hiyo?" Xeon ni prosesa za Intel za seva, Ryzen ni za AMD za kompyuta za kawaida, na kori ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa. Na anayeuliza mara nyingi ashaamua moyoni, anatafuta tu mtu wa kumwambia chukua. Mi huwa namrudishia swali moja, unataka ikufanyie nini? Akisema gemu, namwambia tulia kwanza tuongee, maana hiyo hela umeidunduliza miezi na kuna namba zimeandikwa pale kwenye tangazo ambazo ni za kweli kabisa ila zitakupoteza.

"Kori nyingi ndo nguvu nyingi"

Hii ndo mama wa dhana zote, nyingine zote zimezaliwa hapa. Chukua hiyo Xeon E5-2680 v4 ya mwaka 2016 ambayo wengi wanaikimbilia. Ina kori 14 na thredi 28 (thredi ni mstari mmoja wa kazi unaoendeshwa na kori), spidi yake ya kawaida 2.4 GHz, ikichangamka inafika 3.3 GHz ila hapo ni kori chache tu ndo zinafanya kazi, zikiamka zote inashuka kama 2.9. Iweke karibu na Ryzen 5 5600 ya kori 6 na thredi 12 inayofika 4.4 GHz. Kwenye karatasi ile ya kwanza ni mlima. Kwenye gemu inachapwa vibaya, tena siyo kwa bahati mbaya.

Sababu ni namna gemu yenyewe inavyofanya kazi. Ukitaka fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, prosesa ina milisekunde 16 na ushee za kumaliza mambo yote ya fremu moja, na ukiwa na skrini ya 144 hz ukataka kuitumia yote, zinabaki kama 7 tu. Ndani ya hizo milisekunde isome umebonyeza nini, isogeze maadui, ipige hesabu nani kagongana na nani, ndo iipe GPU (kadi ya picha) amri ya kuchora. Na mengi kati ya hayo yanasubiriana, huwezi kuchora tundu la risasi ukutani wakati bado hujajua risasi imepita wapi. Kwa hiyo hata gemu za siku hizi ambazo zinagawa kazi vizuri kwenye kori sita au nane, bado kuna thredi moja kubwa ndo inashika usukani na zingine zinaisubiri yenyewe.

Watu 14 wakipewa ndoo watashusha lori la mchanga fasta sana, lakini watu 14 hawaandiki barua moja kwa kalamu moja. Mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl aliliweka wazi jambo hili tangu 1967: kama sehemu ya kumi ya kazi lazima iende kwa foleni, hata ukiongeza kori elfu moja huvuki mara 10 ya spidi uliyoanza nayo.

Mtoto wa mama mdogo alinunua mashine ya soketi mbili, yaani Xeon mbili za kori 14 kwenye mazabodi moja (ile bodi kuu inayobeba vyote). Akaniita akilalamika gemu inakwama kwama kila akiingia mjini kwenye watu wengi. Nikamwambia fungua Task Manager, ingia kwenye CPU, ile grafu ibadilishe ikuonyeshe kila thredi peke yake. Skrini ikajaa viboksi 56. Kimoja kimepanda mpaka juu, vitatu vinne vinacheza cheza, vilivyobaki vimelala kabisa, mstari umenyooka chini. Na GPU yake nzuri tu iko kwenye asilimia 40 na kitu, inasubiri kuletewa kazi. Dogo akakaa kimya akiangalia, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo bro hivi vyote vinafanya nini?" Ikabidi nimwambie ukweli, kwenye gemu hii havifanyi chochote. Tena hizo soketi mbili zenyewe zinamuongezea tatizo, kwa sababu kila prosesa ina RAM yake ya upande wake, thredi ikitaka data iliyoko upande wa pili lazima ivuke, na kuvuka kuna muda wake.

Ila siku hiyohiyo tukafungua Blender, programu ya picha za 3D, tukairenda sini (kompyuta inaipigia hesabu picha nzima) kwa CPU, yaani prosesa, viboksi vyote 56 vikapanda juu vikajaa. Hapo ndo kazi ya hiyo mashine. Kurenda, kukompaili projekti kubwa, kukonveti video, kuwasha mashine pepe (virtual machine) kumi kwa mpigo, kazi ambazo ukizikata vipande 50 kila kipande kinajitegemea. Mimi siisemi vibaya Xeon, naisema inapopelekwa isikotakiwa.

"Sawa, basi tuangalie GHz tu"

Nayo hapana. GHz ni idadi ya mapigo kwa sekunde, haikwambii kila pigo linamaliza kazi kiasi gani. Kori ya ile Ryzen 5 5600 inamaliza kazi nyingi zaidi kwa kila pigo kuliko kori ya ile Xeon ya 2016, kwa hiyo hata ukizifunga zote 3.3 GHz haziendi sawa. GHz linganisha ndani ya familia moja ya kizazi kimoja, ukitoka hapo unajidanganya.

Halafu kuna keshi, ile memori ndogo iliyokaa ndani ya prosesa yenyewe. RAM iko mbali kwa mtazamo wa prosesa, kila ikienda kuchukua kitu huko kori inakaa bure ikisubiri. Mwezi wa nne 2022 AMD walitoa Ryzen 7 5800X3D, spidi yake ya juu 4.5 GHz, ndogo kuliko ya ndugu yake 5800X inayofika 4.7, lakini kwenye gemu nyingi ikampita, kwa sababu ilibebeshwa keshi ya L3 ya MB 96 badala ya 32. Gemu zinapenda sana hicho kitu.

Hapo kuna mjanja atasema EPYC 9654, prosesa ya seva ya AMD, ina keshi MB 384, si ndo itakuwa balaa? Angalia imekaaje. Ile prosesa imeundwa kwa vipande 12, kila kipande kina kori 8 na MB 32 zake. Thredi yako kubwa ya gemu ikikaa kwenye kipande kimoja, inachojazia vitu vyake ni hizo 32, siyo 384. Jumla ni kubwa kwa sababu kori zipo 96.

"Prosesa ya seva ni ngumu, haifi"

Hapa kuna ukweli nusu. Zile Ryzen za mezani na EPYC za kizazi kimoja mara nyingi zinatumia vipande vilevile vya kori, silikoni ni ileile. Kinachotofautiana ni jinsi zinavyochujwa, zinavyopimwa na zinavyoendeshwa. Ya seva inatembea taratibu kwa volti ndogo, ya gemu inasukumwa mpaka ukingoni ili iongoze kwenye majaribio. Na kusukuma huko kuna gharama, wote tuliona yaliyowapata Intel kwa Core za kizazi cha 13 na 14, zilikuwa zinapewa volti iliyozidi mpaka zikaanza kuharibika taratibu, mwezi wa nane 2024 wakatoa maikrokodi 0x129 (programu ndogo ya ndani ya prosesa) kurekebisha na wakaongeza garantii kwa miaka miwili. Kwa hiyo mwenye chipu za aina hiyo na hajasasisha BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta), fanya leo, siyo kesho.

Ila unapoambiwa "haifi" ukanunua, jiulize inakaa juu ya nini. Prosesa nzima kufa ni nadra, kinachokufa ni mazabodi. Na mazabodi nyingi mpya za bei rahisi zilizoandikwa X99 hata chipseti yake (chipu inayounganisha prosesa na vifaa vingine) siyo X99, ni chipseti iliyong'olewa kwenye mashine za zamani ikachomelewa upya. BIOS haina sasisho, sehemu za kushusha volti ni dhaifu. Unaweka prosesa ya wati 120 juu ya hiyo halafu unasema umenunua ubora wa seva. Ubora wa seva ulibaki kwenye seva ilikotoka.

Kuhusu RAM ya ECC, ile inayogundua biti ikigeuka na kuirekebisha, ni kitu kizuri mno kwa anayetunza data za watu. Kwa gemu haikuongezei fremu hata moja. Na siyo ya seva peke yake, Ryzen nyingi za mezani zisizo za familia ya G (zenye herufi G mwisho wa jina) zinaikubali ilimradi mazabodi nayo inakubali, ila iwe ECC ya kawaida, siyo zile za rejista zinazotolewa kwenye seva, hizo kwenye desktopu hazifanyi kazi kabisa. Wengine wanasema DDR5 yote tayari ina ECC. Ile inarekebisha makosa ya ndani ya chipu ya RAM tu, data ikiharibika njiani kuelekea kwenye prosesa haina habari nayo.

"Ukiwa na seva lazima uweke prosesa ya seva"

Hii inawaumiza watu wa upande wa pili na haisemwi sana. Mfano mzuri ni seva ya Minecraft. Dunia ya ile gemu inapiga tiki 20 kwa sekunde, kila tiki ina milisekunde 50, na kazi kubwa ya dunia hiyo inapita kwenye thredi moja. Ukiiweka kwenye Xeon ya kori 20 zinazotembea 2.2 GHz, wachezaji wakijaa na kila mtu na mashamba yake na mashine zake za redstone, tiki zinavuka hizo 50 na kila mtu anaanza kuona vitu vinarudi nyuma. Ihamishie kwenye Ryzen ya kori 8 yenye kasi, inapumua. Ndo maana kampuni za kukodisha seva za gemu nyingi zinakuuzia mashine za Ryzen, na wala hawajakosea.

Seva ya nyumbani ya kutunza picha na muvi ndo kabisa, desktopu yoyote ya zamani inatosha.

EPYC au Xeon kubwa inakuwa haina mjadala pale unapogonga kuta za desktopu. AM5, soketi ya Ryzen za mezani, ina chaneli 2 za RAM na leni 24 za PCIe za kutumia, yaani njia za kuunganisha kadi na diski. EPYC ya familia ya 9004 ina chaneli 12 na leni 128. Ukitaka kuchomeka diski za NVMe 16, GPU 4 na RAM ya terabaiti moja kwenye mashine moja, desktopu haina pa kuvichomeka, hata iwe na kasi gani. Ongeza na kuisimamia ukiwa mbali, kuiwasha na kuingia BIOS bila kuigusa. Hivyo ndo vitu unavyolipia.

Na jina lisikutishe wala lisikuvutie. Xeon E3-1231 v3 ilikuwa karibu sawa na i7 ya wakati wake ikiwa imeondolewa grafiksi ya ndani, inakaa kwenye mazabodi za kawaida, watu walicheza nayo miaka na walikuwa sahihi kabisa. Mlango huo Intel waliufunga 2015 ilipokuja E3 v5 inayodai chipseti yake maalumu. AMD nao mwezi wa tano 2024 walitoa EPYC 4004, inakaa soketi ileile ya AM5, kimsingi ni Ryzen iliyopimwa na kuthibitishwa kwa kazi za seva. Kwa hiyo soma modeli yote mpaka herufi ya mwisho, neno Xeon peke yake halikwambii kitu.

Vitu ambavyo tangazo halikwambii

Xeon E5 ya v1 na v2 hazina AVX2 (amri za hesabu za ndani ya prosesa), kuna gemu na programu zinazoidai na hazifunguki kabisa bila hiyo. Zote mpaka v4 hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na Windows 10 sasisho zake za bure za kawaida zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Unaweza kulazimisha, watu wanalazimisha, ila gemu kama Valorant kwenye Windows 11 inakudai TPM 2.0 na Secure Boot (vitu vya usalama vya mashine), hapo ndo mazabodi ya kuunga unga inakwama. Grafiksi ya ndani hakuna, GPU ikizingua huna hata pa kuchomeka skrini ujue tatizo liko wapi.

Na kwa wanaonunua EPYC iliyotumika, hii mtu aliniambia nimechelewa: kuna watengenezaji wa seva wanaoifunga prosesa na mazabodi zao kwa usalama, ndani ya chipu kuna fyuzi inachomwa mara moja na hairudi. Ukiitoa ukaipeleka kwenye mazabodi ya kampuni nyingine haiwaki, siyo mbovu, imefungwa maisha. Muuzaji anaweza hata asijue. Muulize ilitoka kwenye seva ya nani, na kama hajui, aiwashe mbele yako kwenye mazabodi ya aina ileile unayotaka kutumia.

Kabla hujabadilisha prosesa yoyote, fungua gemu yako unayoicheza sana, angalia asilimia ya GPU ukiwa sehemu ile inayokwama. Ikiwa 95 kwenda juu, prosesa yako haina kosa, hata uweke ipi fremu haziongezeki, shusha setingi au weka hela kwenye GPU. Ikiwa 50 au 60 na gemu inakwama, na hujaifunga fremu mwenyewe, hapo sasa tafuta kori chache zenye kasi. Mtoto wa mama mdogo alifanya hivyo, akaweka i5-12400F ya kori 6 na GPU yake ileile, ile mashine ya soketi mbili akaibakiza kwa kurenda. Usiku anaiachia kazi ya Blender, asubuhi anakuta imeisha.