Jeti kubwa haimaanishi nguvu zaidi

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: weka jeti kubwa (kipande chenye kitundu kinachopima petroli) kwenye kabureta za Weber 40 DCOE, vifaa vya kuchanganya hewa na petroli kama vile vya gari la zamani la michezo la Lotus Elan, na gari litachomoka. Si kweli. Injini ya petroli hutoa nguvu nyingi pale uzito wa hewa unapokuwa takribani mara 12.5 hadi 13 ya uzito wa petroli. Ukizidisha petroli kupita hapo, haiungui yote, na huosha oili kwenye kuta za silinda.

Mkanganyiko unaeleweka: gari lililokuwa na jeti ndogo mno huchangamka kweli likibadilishiwa.

Fungua plagi za cheche injini ikipoa, uangalie ncha zake. Masizi meusi makavu, petroli imezidi. Kahawia hafifu, umepatia. Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo, injini hizi ni adimu.