Je, senesio wa Kilimanjaro na mmea uliopewa jina na daktari Mutis ni ndugu?

Ukiupita msitu wa Kilimanjaro na kukaribia mita 4,000, utakutana na mimea isiyofanana na chochote ulichokiacha chini: shina nene kama nguzo, refu kumpita mtu, majani makavu yameligubika pande zote, na kileleni fungu la majani mabichi makubwa yaliyopangika duara. Huyo ndiye senesio mkubwa. Sasa tazama picha iliyopigwa kwenye nyanda za juu za Kolombia, zile wenyeji wanazoziita páramo. Mmea ule ule, utasema. Shina lile lile, majani makavu yale yale.

Huu wa Kolombia wenyeji wanauita frailejón, na jina lake la kisayansi, Espeletia, lilibuniwa na daktari: José Celestino Mutis. Alizaliwa Cádiz, Hispania, mwaka 1732, akasomea upasuaji na utabibu, kisha mwaka 1760 akavuka Atlantiki akiwa daktari wa mtawala mpya wa koloni la Granada Mpya. Hakurudi tena Hispania. Aliishi miaka 48 katika nchi ambayo leo ni Kolombia, akitibu wagonjwa, akifundisha hisabati na kutetea hoja ya Copernicus kwamba Dunia ndiyo inayolizunguka Jua. Mwaka 1772 akawa padri. Ndui ilipozuka miaka ya 1780 alihimiza watu wachanjwe. Mwaka 1783 hatimaye akakabidhiwa Msafara wa Kifalme wa Botania, yaani elimu ya mimea, akaujaza wachoraji. Kazi yao, zaidi ya michoro 6,000, iko Madrid hadi leo, na ni vigumu kuitazama bila kustaajabu: mingi imetiwa rangi zilizotengenezwa kutokana na mimea na udongo wa huko huko.

Tatizo ni kwamba Mutis alichapisha kidogo mno. Mimea mingi aliyoipa majina ilifika kwa wasomaji kupitia mikono ya wengine. Jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) ya Bejaria aliiita kwa heshima ya rafiki yake Béjar. Mtaalamu wa mimea Linnaeus, aliyepokea barua na sampuli zake kule Sweden, akaichapisha ikiwa “Befaria”. Espeletia, iliyopewa jina la mtawala José de Ezpeleta, ilichapishwa na Mfaransa Aimé Bonpland, ambaye naye alisomea udaktari, na aliyemtembelea Mutis huko Bogotá mwaka 1801 pamoja na mwanasayansi msafiri Alexander von Humboldt. Kwa kanuni za botania, jina huanza kuhesabika siku maelezo yanapochapishwa, si siku mtu anapoliandika daftarini. Ndiyo maana vitabuni Espeletia hufuatwa na majina ya watu wawili, Mutis na Bonpland.

Turudi kwenye undugu. Maelezo yanayowajia watu upesi ni haya: Afrika na Amerika Kusini zilikuwa bara moja, mmea ukaota kote, bara likapasuka, kila upande ukabaki na wake. Yanavutia, lakini tarehe zinayakataa. Mabara hayo yaliachana takriban miaka milioni 100 iliyopita. Kilimanjaro haijafikisha hata miaka milioni tatu, na páramo za Andes ya kaskazini nazo zimefikia kimo chao cha sasa katika miaka milioni chache tu. Bara lilipopasuka, milima hii haikuwapo, wala mimea ya kuikalia.

Wengine husema basi mbegu ilivuka bahari. Hapo maua na vinasaba ndivyo vinavyotoa ushahidi. Mimea yote miwili imo katika familia ya alizeti, familia yenye spishi zaidi ya 20,000, kwa hiyo kuwa humo pamoja si jambo kubwa. Ndani ya familia hiyo, frailejón iko kwenye tawi moja na alizeti yenyewe. Senesio yuko tawi lingine kabisa, pamoja na magugu madogo yanayoota kando ya njia. Kwa maneno mengine, frailejón ni jamaa wa karibu zaidi wa alizeti ya shambani kuliko wa senesio wa Kilimanjaro. Kila mmoja alianza kivyake, akafikia umbo lile lile.

Kilichowafikisha hapo ni baridi ya namna yake. Milimani karibu na ikweta hakuna majira ya baridi ya kungoja yapite. Mchana jua ni kali, na usiku joto huweza kushuka chini ya sifuri mwezi wowote wa mwaka. Hatari kubwa huja alfajiri. Jua likichomoza, majani huanza kupoteza maji mara moja, ilhali udongo bado una baridi kali na mizizi haiwezi kuvuta maji upesi. Mmea unaokoka kwa akiba iliyomo katikati ya shina, kwenye kiini laini kilichojaa maji. Akiba hiyo ikiganda usiku, asubuhi majani yatanyauka maji yakiwa yamo humo humo ndani.

Kazi ya majani makavu ni hiyo. Fikiria mgomba ambao mwenye shamba hajausafisha, majani yake makavu yakaning’inia na kulifunika shina. Mkulima huyakata, na mgomba haudhuriki. Watafiti nchini Venezuela waliziondolea frailejón majani yao makavu, na matokeo yakawa tofauti: kiini cha shina kilipoa kupita kiasi usiku, mmea ukashindwa kuyapata maji yake asubuhi, na baadhi ikafa. Majaribio hayo yalihusu spishi chache, na zipo frailejón fupi zisizo na shina la kulinda, kwa hiyo tusiipe kila spishi hadithi hii. Kwa zile ndefu, majani yaliyokufa ni sehemu ya uhai wa mmea.

Mutis mwenyewe alipata shida na mambo ya sura. Aliugawa mkwinini, mti ambao gome lake lilitumika kutibu homa, katika aina nne kwa rangi ya gome, la chungwa, jekundu, la njano na jeupe, akaamini kila rangi ina magonjwa yake inayoyatibu. Kwinini ilitenganishwa kutoka kwenye gome mwaka 1820, miaka 12 baada ya kifo chake, na ikadhihirika kuwa kinachozuia homa ni kemikali zilizomo. Rangi haisemi zimo kiasi gani.

Hata senesio na frailejón, ukiwachunguza usiku, wanatofautiana. Majani ya frailejón, yenye manyoya meupe mazito, huendelea kuwa na maji yasiyoganda hata joto likishuka kidogo chini ya sifuri. Senesio wa Afrika Mashariki hufumba majani yake jioni kulinda kichipukizi cha katikati, na majani ya nje huganda kweli: barafu hujitengeneza nje ya seli, seli zenyewe zikabaki salama, na jua likitoka huyeyuka, jani likaendelea na kazi.